Kuruta wa Afande Oola

Afande Oola alimaliza kila simu kwa neno "ova". Alikuwa amestaafu kutoka chumba cha redio cha polisi miaka kumi na mmoja kabla sijamjua, na simu aliyoishika ilikuwa ya mkononi kama ya mtu mwingine yeyote, lakini bado alisema jambo lake, akasema ova, akanyamaza ili na wewe useme. Ukichelewa kujibu, alirudia yote tangu mwanzo. Binti yake Aol alimsihi aache tangu alipokuwa sekondari, kwa kuona haya mbele ya wenzake. Mkewe alimwigiza mbele ya wageni. Hakuacha. Alifariki Oktoba iliyopita, na Aol aliponipigia kunipa habari, alinyamaza kidogo mwishoni, nami nikajua kwamba sote wawili tulikuwa tunalingoja neno lile.

Tulikuwa majirani mtaa wa Namuwongo, upande wa chini wa reli, ambako mvua ikinyesha saa moja tu maji hufika kizingitini. Nyumba ilikuwa mstari wa vyumba vya kupanga, ukuta mmoja kati ya mtu na jirani yake, na nyuma baraza moja ndefu ya saruji ambako wote tulipikia. Mimi nilikuwa chumba cha nne, wao cha tano. Nimezaliwa Webuye, Kenya, na kazi yangu ni kufundisha Kiswahili, kwa hiyo jina langu la Nabangala halikudumu pale hata wiki. Nikawa Mwalimu.

"Kiswahili yako ni ya redio," Afande aliniambia siku ya kwanza. "Yetu ni ya kambi. Tutasikizana tu."

Yeye alikuwa Mwacholi, Mkatoliki. Mkewe, Bushira, alikuwa Mnubi wa Bombo, Mwislamu wa kufunga na kuswali. Walikutana katika kambi ya polisi wakiwa vijana, kila mmoja hajui lugha ya mwenzake, na Kiswahili cha kambi ndicho walichotumia kutongozana, kugombana na kulea mtoto wao mmoja. Jumapili yeye alikwenda misa, akarudi akakuta chai. Ijumaa Bushira alijitanda mtandio, akarudi akakuta maji ya kuoga yameshachemka. Sikuwahi kuwasikia wakibishana juu ya Mungu. Walibishana juu ya chumvi.

Bushira alikuwa amepika miaka ishirini na sita kwenye kantini ya kambi, katika kibanda kisicho na dirisha, kwa kuni mbichi. Moshi ule uliharibu mapafu yake. Nilipohamia, tayari alikuwa anaishi na mashine ya oksijeni: sanduku la kijivu lenye magurudumu, kimo chake magotini, linalovuta hewa ya chumbani, kuichuja, na kumpelekea puani kwa mrija mwembamba. Ndugu zake wa Bombo na wastaafu wenzake Afande ndio walioipata. Bila ile mashine aliweza kukaa dakika chache, akitulia kabisa. Baada ya hapo midomo ilianza kugeuka rangi. Na mashine ilitaka umeme, na umeme wa kwetu ulikuja na kuondoka ulivyopenda.

Ndiyo maana Afande akanunua jenereta. Ilikuwa ile ndogo kabisa inayouzwa, ya bei ya chini, ya kubebwa kwa mkono mmoja kama mkoba. Aliiweka nyuma, mwisho wa baraza, chini ya kipande cha bati, bomba la moshi likitazama reli, na waya ukapita dirishani. Aliipa jina Kuruta, kama askari mgeni aliyetoka kuandikishwa jana.

"Kwa nini Kuruta?" nilimuuliza.

"Ni kadogo, kana kelele, na kila saa kana njaa."

Bushira, aliyekuwa ndani na mrija wake, alisikia. "Mwalimu, mimi niliolewa na mwanamume," alisema. "Sasa nakaa na mlinzi wa jenereta."

Mtu angedhani kwamba akiwa na jenereta Afande angetulia. Haikuwa hivyo. Umeme ulipokuwepo ndipo alipokosa raha, kwa sababu ulikuwa bado unaweza kuondoka. Alizunguka kutoka baraza ya nyuma hadi mlango wa mbele, akatazama taa ya saluni ya Shamirah ng'ambo ya mtaro, akarudi, akagusa kamba ya Kuruta, akafuta vumbi ambalo alikuwa ameshalifuta. Chai yake ilipoa. Ukizungumza naye, nusu yake ilikuwa mahali pengine. Lakini umeme ukikatika, alitoka nje bila haraka, akavuta kamba, na Kuruta akishanguruma uso wake ulilegea. Alikaa kwenye kiti chake cha plastiki, akainywa ile chai ya baridi. Alichokuwa anakingoja kilikuwa kimeshafika.

Kwa miezi minane hakwenda mbali kuliko sauti ya Kuruta. Mpaka wake wa juu ulikuwa reli. Upande wa pili ulikuwa saluni ya Shamirah, na wa tatu duka la mkaa pale kona. Msiba ukitokea alimtuma Aol. Kanisani aliacha kwenda. Padri akawa anamletea komunyo barazani, naye aliipokea huku sikio limeelekea dirishani.

Nilimtazama kutoka upande wangu wa baraza na kumwelewa kuliko nilivyopenda. Mimi nami niliwahi kuishi miaka nikisikiliza kitu kisije kikaondoka, mpaka kikaondoka.

Januari Aol alikuja kutoka hosteli yake ya Wandegeya na habari kwamba jina lake limo kwenye orodha ya mahafali. Alikuwa amesoma takwimu miaka mitatu. Kila mhitimu alipewa nafasi za watu wawili.

"Mama hawezi," alisema, "kwa hiyo ni Baba na baba mdogo Ogwal."

"Ogwal aende peke yake," alisema Afande.

"Baba!"

"Nitakuona kwa picha."

Bushira aliweka kikombe chini. Alikuwa na namna ya kukusanya pumzi kabla ya kusema jambo refu, kama mtu anayekunja mikono ya gauni.

"Baba Aol, wewe uliacha shule darasa la ngapi?"

"Unajua."

"Sema Mwalimu asikie."

"La sita."

"Mtu wa la sita amezaa mtu wa digrii, halafu anataka kuangalia picha. Kwani wewe ndiyo uko na mrija kwa pua?"

"Na huyu?" Afande alinyoosha kidole dirishani. "Nani atakaa na yeye?"

"Kuruta? Kuruta haibiwi, ana kelele sana. Mwalimu yuko."

Wote watatu wakanitazama. Nilisema nitakaa. Nilisema hivyo kwa wepesi, jinsi watu wanavyokubali kushika mtoto wa mwenzao kwa dakika moja.

Wiki nzima Afande alinifundisha. Kufungua bomba la tangi, kuvuta choki ya kubana hewa, kuvuta kamba, kurudisha choki. Mara ya kwanza kamba ilinirudi ikanichapa vidole.

"Usivute kama unachota maji ya kisima," alisema. "Vuta kama umekasirika."

"Nimkasirikie nani?"

"Wewe mtu mzima, Mwalimu. Huwezi kukosa mtu."

Alinionyesha pia mtungi mdogo wa oksijeni wa dharura, uliosimama nyuma ya mlango. Ulikuwa na dakika kama ishirini na tano ndani yake, na spana ya kuufungulia ilining'inia shingoni mwa Afande. Jambo moja tu hakunifundisha: kujaza. Kujaza alifanya mwenyewe siku zote, kwa kuogopa tone lisianguke kwenye chuma cha moto, na alikusudia kuniachia tangi limejaa.

Siku ya mahafali umeme ulikatika alfajiri ukarudi saa mbili kasoro. Kuruta alikuwa amenguruma muda wote huo na tangi lilikuwa karibu tupu, lakini bado alikuwa wa moto, hawezi kujazwa. Nje gari la Ogwal lilikuwa likipiga honi. Aol, katika joho lake, alikuwa anamfunga baba yake tai, naye Afande aliinua kidevu na kunipa maagizo kwa upande wa mdomo, huku akinivika ile spana shingoni.

"Mwalimu, chakula iko chini ya meza, nimepima tayari. Mpe yote. Mafuta iko kwa boksi, hii ufunguo. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Baba, tunachelewa!"

"Chakula chini ya meza. Mpe."

Akaondoka. Pale kwenye reli aligeuka mara mbili, na Aol akamshika mkono.

Nilitazama chini ya ile meza ya barazani. Kulikuwa na hotpoti. Bushira alikuwa akila kwa kipimo, kwa amri ya daktari, na Afande ndiye aliyempimia. Niliona hotpoti, nikaridhika, sikuinama zaidi.

Ningeinama ningeliona dumu la lita moja, limezibwa kwa kitambaa. Jenereta kubwa zina mahali pake pa kutilia oili. Kuruta hakuwa napo. Yeye alitaka petroli na oili vichanganywe kwanza kwa kipimo, viingie tangi moja. Petroli peke yake ingemkausha ndani mpaka chuma kikasagana na chuma. Petroli tupu, kwa lugha ya Afande, ilikuwa mafuta, akiba ya kuchanganywa chakula kikiisha. Ikishachanganywa na oili, aliiita chakula. Alikuwa ameiita hivyo kwa miezi minane, mbele ya mkewe na binti yake, na hakukumbuka kwamba mimi sikuwemo. Miaka kumi na tisa nimewafundisha wanafunzi kwamba katika "mpe" hakuna mume wala mke. Sikuwahi kufikiri kwamba hakuna hata mtu na jenereta.

Saa nne nilimpa Bushira chakula chake, ndizi na samaki, akala vizuri kuliko siku nyingi. Saa nne na nusu umeme ukaondoka. Mashine ya oksijeni ilipiga mlio wake mrefu. Nilikuwa tayari. Nilifungua boksi kwa ufunguo, nikachukua dumu la mafuta, nikajaza tangi polepole bila kumwaga hata tone, nikafungua bomba, nikavuta choki, nikamkasirikia mtu, nikavuta kamba. Kuruta akaitika mara ya pili.

"Ah!" Bushira alipiga makofi kutoka kitandani. "Mwalimu amekuwa askari."

Nilikaa pale mlangoni nikisikiliza. Kwa mara ya kwanza nilielewa ile chai ya baridi.

Saa tano simu ikalia. Nyuma ya sauti ya Afande kulikuwa na tarumbeta na maelfu ya watu.

"Mwalimu! Umeme iko? Ova."

"Umekatika, Afande. Nimewasha. Kila kitu ni sawa."

Bendi ikapanda juu. Nilisikia mwisho wa maneno tu.

"...umempa chakula? Ova."

"Nimempa. Amekula chote."

"Chote?"

"Chote! Kwa hamu."

"Vizuri sana, Mwalimu! Vizuri sana! Ova."

Hazikupita dakika ishirini. Kuruta alianza kuimba kwa sauti nyembamba, ya juu, ambayo sikuwahi kuisikia kwake, nami nilikuwa bado naitafakari alipokoroma mara moja akanyamaza. Nilivuta kamba. Haikuja. Nilivuta kwa miguu na mgongo. Ilikuwa kama imefungwa kwenye mti. Ndani, ile mashine ilikuwa inapiga mlio wake.

Nilifungua mtungi kwa spana, nikahamisha mrija. Sindano ya kipimo chake ilisimama chini ya pale Afande aliponionyesha. Labda alikuwa ameutumia kidogo akasahau, labda mimi nilikuwa naona vibaya. Bushira alikuwa ameshakaa wima, mikono juu ya magoti. Hakuuliza nini kimetokea. Aliuliza saa.

"Tano na dakika ishirini. Nampigia Afande."

Alinishika kifundo cha mkono. Sikujua kwamba bado ana nguvu zile.

"Wameshamsoma Aol?"

"Sijui. Bado, nadhani."

"Basi usimpigie."

"Mama Aol, mashine imekufa."

"Nimesikia. Akitoka pale hatarudi. Asikie jina ya mtoto. Halafu umpigie, umwambie unachotaka. Hata kama nimekwisha."

"Usiseme hivyo."

"Nasema ninavyotaka. Pumzi ni yangu."

Mpaka leo sijui kama nilimtii au niliogopa tu. Niliiweka simu kitandani, karibu na mkono wake, nikatoka mbio.

Saluni ya Shamirah ilikuwa na jenereta kubwa kuliko yetu mara tatu, na ilikuwa inanguruma kwa ajili ya wateja wawili waliokaa chini ya vikausho. Shamirah, Mganda mwembamba mwenye sauti ya mnadani, alikuwa na chanuo mdomoni.

"Kuruta amekufa," nilisema. Sikuweza kusema zaidi.

Chanuo lilianguka. "Banange! Mama Aol?"

Alizima palepale. Vikausho vikanyamaza. Mwanamke mnene aliyejaa rola kichwa kizima akachomoa uso. "Na nywele yangu?"

"Nywele itangoja. Shika upande huo. Taulo! Leta taulo, bomba ina moto. Halaka, halaka!"

Tukaibeba watu watatu: Shamirah mbele, mimi nyuma, na yule mwanamke wa rola upande, akilalamika hatua kwa hatua bila kuachia. Mtaro ulikuwa na ubao mmoja. Katikati ya ubao mguu wangu uliteleza, jenereta ikainama, nikasikia mafuta yakicheza ndani ya tangi.

"Mwalimu, ukituangusha hapa utafundisha samaki!" Shamirah alipiga kelele.

"Hapa hakuna samaki," alisema mwanamke wa rola.

"Basi vyula! Songa!"

Niliwaacha wakiiweka barazani, nikaingia ndani. Sindano ya mtungi ilikuwa imelala. Bushira alikuwa ameshika magoti yake, mabega yakipanda na kushuka kana kwamba aliyekimbia ni yeye, si mimi. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Macho yalikuwa mlangoni, nayo hayakuwa na hofu. Yalikuwa yanasubiri, kama ya mtu aliye kwenye foleni. Simu ilikuwa mkononi mwake. Alikuwa ameigeuza kioo chini.

Nje Shamirah alivuta mara moja, mara mbili. Mara ya tatu ikawaka. Mashine ya kijivu ikaamka, nikamvalisha mrija, na sote watatu tukakaa tukimtazama akivuta hewa.

Saa sita na dakika kumi simu ikalia mkononi mwake. Hata mimi niliyekaa mbali nilimsikia.

"Wamesoma! Wamesema jina yote, Aol Rehema Oola, mpaka mwisho! Nimesikia na hii masikio! Ova!"

Bushira alikusanya pumzi.

"Nimekupata," alisema. "Ova."

Kisha akanirudishia simu, na alinitikisia kichwa nisiseme lolote. Nikaikata.

Walirudi saa nane. Aol alinisimulia baadaye kwamba walikuwa wanashuka kutoka relini, yeye akicheka, viatu mkononi, baba yake akisimama kwa watu wote kuwaonyesha picha kwenye simu. Ghafla Afande akasimama, akasikiliza mngurumo.

"Huyo si Kuruta," alisema, na akaanza kukimbia, mzee wa miaka sitini na minne mwenye tai na koti la kuazima.

Alimtazama mkewe kwanza. Muda mrefu. Kisha akatoka nyuma, akapiga magoti kwenye saruji, akajaribu kamba, akafungua tangi, akanusa, akachovya kidole akakisugua na cha pili.

"Kavu," alisema. "Mafuta matupu. Mwalimu, mimi nilikuuliza. Nilikuuliza kwa simu, umempa chakula?"

"Nikasema nimempa."

"Ulimpa nani?"

"Mama Aol. Alikula chote."

Ndani Bushira akaanza kucheka. Alicheka akishika mbavu, akicheka na kukohoa, mpaka Aol akamwambia, "Mama, basi, basi, utajiua." Shamirah alicheka akakaa chini. Hata mimi nilicheka. Afande hakucheka. Alilitoa dumu chini ya meza, akaliweka mbele yangu, limejaa, bado limezibwa kwa kitambaa vilevile alivyoliziba asubuhi.

"Ni makosa yangu," alisema. "Sikukuambia vizuri. Lakini kwa nini hamkunipigia?"

"Mimi nilikataza," Bushira alisema kutoka ndani.

"Ilikuwa saa ngapi?"

Nikamwambia.

Alihesabu kimoyomoyo. "Saa hiyo nilikuwa nakula keki," alisema. "Ogwal alinunua keki. Nilikuwa nasimama, napigwa picha. Nacheka."

"Ndiyo nilitaka ucheke," alisema Bushira.

"Mlinichagulia."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma ujumbe ulioingia kwa redio, neno kwa neno, ili uandikwe sawasawa. Kisha akaivua tai, akaikunja, akaingiza mfukoni, na sikumwona tena nayo. Ile picha ya mahafali Aol aliitia fremu. Afande aliitundika nyuma ya mlango, mahali ambapo mlango ukiwa wazi haionekani.

Wiki iliyofuata nilikwenda Kisenyi na pistoni iliyochubuka imefungwa kwenye gazeti, nikazunguka gereji na maduka ya Wasomali mpaka nikapata iliyolingana nayo. Afande aliitia mwenyewe. Kuruta akapona, ila alibaki na mkwaruzo fulani kwenye sauti. Tulisalimiana kama zamani na Jumapili alinigawia samaki. Lakini umeme ukikatika nami nikiwa barazani, alisimama kati yangu na ile jenereta, bila kunitazama, mpaka nikaingia chumbani kwangu. Hakutoka tena hata kufika duka la mkaa.

Bushira alifariki Aprili, hospitalini, siku ya tatu tangu alazwe. Wiki ile umeme haukukatika hata mara moja. Daktari alimwambia Aol kwamba mapafu yalikuwa yamefika mwisho wake, na Aol aliniambia mimi, na mimi nilijibu kwamba ndivyo ilivyo. Sikumuuliza daktari kama dakika chache za Januari zinaweza kupunguza miezi. Nilimwona ukumbini akipita mara nne, na mara nne nikatazama chini. Tulimzika Bombo siku ileile, kabla ya magharibi, ndugu zake wakimswalia na Afande akisimama nyuma yao, kofia mkononi, midomo ikisema maneno ya kwao.

Kisha ikaja miezi ambayo sikujua nimsaidieje. Umeme ukikatika mchana alinyanyuka, akachanganya chakula kwa kipimo, akajaza, akavuta kamba, akakaa kwenye kiti chake. Waya ulikuwa umekunjwa ukutani. Kuruta alinguruma bila kuwasha hata balbu. Shamirah alikuja siku moja kulalamikia moshi, akamtazama, akarudi zake. Na umeme ulipokuwepo Afande alizunguka vilevile, mbele na nyuma, ila sasa alikuwa akifika mlangoni anasimama, kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua.

Juni Aol alipata kazi Lira, akaja kumchukua. Vitu vyao vilijaa gari moja dogo, na gari lilisimama juu, ng'ambo ya reli, kwa sababu chini kulikuwa na matope. Aol alitangulia na mizigo ya mwisho. Nilimsindikiza Afande, nikibeba kile kiti cha plastiki.

Njia nzima nilikuwa na maneno yangu tayari. Nilikuwa nimeyapanga kwa miezi, kwa Kiswahili cha redio, safi, bila kosa. Tulipofika relini nilisema, "Afande, ile siku ya mahafali..."

Aliinua mkono, si kwa ukali. Alikuwa amesimama katikati ya reli, anatazama upande wa mjini, kisha upande wa pili, mahali ambapo vyuma viwili vinapotelea kwenye nyumba za watu. Alichukua kiti mkononi mwangu.

"Mwalimu," alisema, "sasa mimi naweza kwenda popote. Wewe umesoma, niambie: mtu anaendaga wapi?"